Kuondoka si Kukataa Kwao

Mithali isemayo kwamba mkataa kwao ni mtumwa ni mithali njema, lakini hapana chema kisichoweza kutumiwa vibaya. Imekuwa desturi, kila anapotajwa mwandishi aliyezaliwa katika nchi hii na kufanya kazi yake ng'ambo, mithali hiyo kutolewa kama hukumu iliyokwisha kuandikwa. Mshitakiwa haulizwi neno. Haulizwi kwa nini aliondoka, alichukua nini, wala alirudisha nini. Yatosha kwamba aliondoka. Hukumu ya namna hii husikika katika mabaraza ya wasomi na katika vyumba vya mihadhara, na ingeweza kusikika hata Nyegezi, penye ufuko wa ziwa, mahali panapostahili kuwa pa mwisho kuitamka. Maana mtu akaaye Nyegezi hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa kuipinga. Apande meli Mwanza, ashuke Nansio. Ushahidi wote umo katika kisiwa cha Ukerewe.

Kwanza mithali yenyewe isomwe vizuri. Haikumtaja aondokaye, imemtaja akataaye. Mambo hayo mawili yamekaribiana kwa sauti tu, hayakukaribiana kwa maana. Mtu aweza kukaa kijijini kwao tangu kuzaliwa hata kufa, na huku anaionea haya lugha ya mama yake na kuwacheka wazee wake. Mwingine aweza kuvuka bahari na kila usiku akalala na majina ya watu wa kwao kinywani. Wa kwanza amekataa bila ya kuondoka. Wa pili ameondoka bila ya kukataa. Ndugu ya mithali hiyo, isemayo mwacha asili ni mtumwa, haimsaidii mshitaki, kwa sababu asili si mzigo uachwao gatini chombo kinapong'oa nanga.

Kisiwa cha Ukerewe kimezaa waandishi watatu ambao maisha yao, yakitazamwa pamoja, huivunja hukumu hiyo vipande vipande. Wa kwanza ni Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka wa 1896. Wa pili ni Gabriel Ruhumbika, aliyezaliwa mwaka wa 1938. Wa tatu ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka wa 1944. Kitereza alikaa kwao. Wengine wawili walikwenda kufundisha nchi za mbali: Ruhumbika Marekani, Kezilahabi Botswana. Kama kuondoka ndiko kupotea, basi Kitereza alipaswa kuwa ndiye aliyefika, na wale wawili kuwa ndio waliopotea. Habari zao zasema vingine.

Kitereza alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka wa 1945, katika Kikerewe, lugha ya watu wake. Hakupata wa kuichapa. Akaifasiri kazi hiyo yote yeye mwenyewe katika Kiswahili, kazi kubwa ambayo ingewachosha vijana wenye nguvu zao. Kitabu kilichapwa mwaka wa 1980. Mwaka wa 1981 mwandishi alifariki dunia. Hesabu ni rahisi: miaka thelathini na mitano ilipita kati ya kalamu na msomaji. Katika muda huo mwili wa Kitereza ulikuwa nyumbani, lakini kitabu chake kilikuwa hakina nyumba. Kama liko neno la kuitaja hali hiyo, neno hilo ni uhamisho. Hakuhamishwa na mfalme wala na vita. Alihamishwa na kutosomwa. Tena aliyemhamisha hakuwa mgeni peke yake, maana kati ya miaka hiyo thelathini na mitano, karibu ishirini ilikuwa ni miaka ya nchi huru.

Sasa watazamwe walioondoka. Ruhumbika alianza kwa riwaya ya Kiingereza, Village in Uhuru, mwaka wa 1969. Baadaye akageukia Kiswahili, na hata alipokuwa mwalimu Marekani hakukiacha: Miradi Bubu ya Wazalendo ilitoka mwaka wa 1992 na Janga Sugu la Wazawa baadaye. Tena ni yeye aliyekifasiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza, moja kwa moja kutoka Kikerewe, tafsiri iliyotoka mwaka wa 2002. Yaani aliye mbali ndiye aliyembeba mgongoni mzee aliyebaki. Kezilahabi naye, ambaye Rosa Mistika yake ya mwaka wa 1971 iliwahi kuzuiwa mashuleni hapa hapa nchini, alitoa diwani ya Dhifa mwaka wa 2008 katika miaka yake ya Botswana. Alifariki Dar es Salaam mwaka wa 2020. Nani kati ya hao alikataa kwao?

Wapinzani watajibu kwamba kumbukumbu ya mtu aliye mbali huganda. Kwamba hukumbuka kijiji kisichokuwapo tena, na bei ya samaki ya miaka thelathini iliyopita. Hoja hii ina uzito wake wala haifai kudharauliwa. Lakini ikikubaliwa yote, itamwangusha Kitereza kabla ya mwingine yeyote. Kitereza hakuandika habari za Ukerewe ya mwaka wa 1945. Aliandika maisha ya Wakerewe wa zamani, kabla ya utawala wa wageni, ulimwengu ambao yeye, aliyesomeshwa na wamisionari, aliupata kwa masimulizi ya wazee. Alikuwa mbali nao kwa miaka kama vile Ruhumbika alivyokuwa mbali na Ukerewe kwa maili. Umbali haukukiharibu kitabu chake. Ulikuwa ndiyo sababu ya kukiandika, kwa kuwa mtu haandiki ili kukihifadhi kitu asichoogopa kukipoteza. Kumbukumbu ya mwandishi haipimwi kwa ukaribu wa miguu yake bali kwa uaminifu wa macho yake.

Iko hoja ya pili, na hiyo ni ngumu zaidi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka wa 1948, aliondoka akiwa kijana katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, akaandika Uingereza, na kwa Kiingereza. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2021, siku ile ile wengine walimdai na wengine walimkana. Waliomdai wengi wao walikuwa hawajamsoma, waliomkana vilevile. Mizozo ikawa juu ya hati ya kusafiria, kana kwamba riwaya hupita forodhani. Lakini neno la haki lisemwe: uchaguzi wa lugha una gharama. Paradise ilitoka mwaka wa 1994, na msomaji wa Kiswahili alingoja hadi mwaka wa 2022 kuipata kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka ishirini na minane watu walisimuliwa habari za pwani yao na bara yao katika lugha ambayo wengi wao hawaisomi kwa raha. Hiyo ni hasara ya kweli. Lakini hasara hiyo haikuletwa na Gurnah peke yake. Mwandishi huandika, kufasiri, kuchapa na kufundisha ni kazi ya walio nyumbani. Asiyetandika mkeka hana haki ya kulalamika kwamba mgeni hakuketi.

Walebanoni waliupata mtihani huu zamani, na wakaushinda. Waandishi wao waliohamia Amerika waliunda Chama cha Kalamu mjini New York mwaka wa 1920, Kahlil Gibran akiwa kiongozi wake. Gibran alitoa The Prophet kwa Kiingereza mwaka wa 1923, akafa New York mwaka wa 1931. Mwili wake ulirudishwa Bsharri, mji wa kuzaliwa kwake, na huko kaburi lake limetunzwa pamoja na picha alizochora. Mwenzake, Mikhail Naimy, alirudi Lebanoni mwaka wa 1932 akaishi na kuandika huko. Mmoja alirudi hai, mwingine alirudi maiti; watu wao wakawapokea wote wawili, na maandishi ya ugenini yakapewa jina lake na fungu lake katika fasihi ya Kiarabu. Hawakuuliza nani alikaa. Waliuliza nani aliandika vizuri.

Sasa swali ni mahali pa kuwapokea. Kitabu ni mahali pema, lakini kitabu husomwa na mtu peke yake, na ugeni ni ugonjwa wa upweke. Haufai kutibiwa kwa upweke mwingine. Mahali pafaapo zaidi ni jukwaani. Katika mchezo wa kuigiza, aliyeondoka husimama kwa mwili wake mbele ya waliobaki, wakamtazama usoni na yeye akawatazama. Ebrahim Hussein aliujua uwezo huo alipoandika Mashetani, uliochapwa mwaka wa 1971, akawaweka jukwaani vijana wawili marafiki, Juma na Kitaru, mmoja wa jamaa iliyopoteza na mwingine wa jamaa iliyopata, ili watazamaji waone kwamba historia haikuisha kwa kutangazwa kuwa imekwisha. Watawala nao waliujua. Mwaka wa 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya kali ya Kiingereza, Petals of Blood, asikamatwe. Mwaka ule ule wanakijiji wa Kamĩrĩthũ walipocheza Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ katika lugha yao ya Kikuyu, mchezo ulizuiwa na mwandishi akafungwa kabla ya mwaka kwisha. Mwaka wa 1982 akaanza maisha ya uhamishoni. Jambo hilo lapaswa kuwafunza wasomi kitu: riwaya katika lugha ya ugenini ilivumiliwa, mchezo katika lugha ya watu uliogopwa. Kinachoogopwa hivyo hakiwezi kuwa kitu kidogo.

Nyegezi imekuwa na chuo tangu mwaka wa 1960, na tangu mwaka wa 1998 chuo hicho ni chuo kikuu. Wanafunzi wapo, walimu wapo, ziwa lipo, na kisiwa cha Kitereza, Ruhumbika na Kezilahabi kiko umbali wa safari ya saa chache majini. Kinachotakiwa ni mchezo mmoja wa Kiswahili, usioona haya kuingiza Kikerewe mahali pake, ambao utawakutanisha watatu hao katika ua mmoja: mzee anayengoja kitabu chake, na vijana wawili wanaofunga mizigo. Wapewe nafasi ya kuulizana. Mzee awaulize kwa nini wanakwenda. Nao wamuulize aliyebaki alilipwa nini kwa kubaki. Watazamaji wasipewe jawabu mlangoni.

Mchezo huo ukichezwa, yamkini mithali itarudi mahali pake pa haki. Itaacha kuwaandama waliopanda meli, na itageuka kuwatazama walioketi mbele ya jukwaa. Maana Ukerewe haikukataliwa na watoto wake waandishi hata mmoja. Ikiwa yuko aliyekataa kwao, basi ni yule ambaye vitabu vyao vimo katika maktaba yake, naye hajavifunua.