Kutoka A-WA Hadi KI-VI

Februari 2019, jijini Kampala, Waziri wa Nchi wa Utalii, Godfrey Kiwanda, alizindua shindano la Miss Curvy na kutaka wanawake wenye miili minene watumike kuitangaza Uganda kwa watalii. Yaani tuwe vivutio, pamoja na sokwe wa milimani wa Bwindi. Wanawake wengi walipinga. Lakini mazoea ya kututaja kama vitu hayakuanzia wizarani.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunajua kwamba kipofu, kijana na kiongozi, ingawa huanza na ki-, hupatanishwa kama watu: kiongozi amefika. Sasa sikiliza watangazaji wa redio, usome na maneno yanayowekwa chini ya picha za waigizaji: chombo kimeingia, kifaa kipya, mzigo wa maana. Hakuna anayesema chombo ameingia. Mwanamke ametolewa katika ngeli ya watu, na sijamsikia mhadhiri akisahihisha. Akibaki mtu, huitwa toto, hata akiwa na miaka thelathini. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Ikiwa mtu mzima anayetamaniwa huitwa mtoto, msichana wa darasa la saba aelewe nini anapoitwa hivyohivyo njiani na mwanamume aliyejifunzia mapenzi kwenye nyimbo?

Wenzangu wa kiume hunijibu kwamba wanawake hujipeleka wenyewe kwenye video na mashindano. Wako wanaojipeleka, na sina ugomvi nao. Wanatafuta riziki kama wengine. Ugomvi wangu ni na anayelipa na anayeshika kamera. Katika video nyingi mwimbaji ana uso na jina, ila wanawake walio nyuma yake wana viuno tu.

Wala sidai sheria ya mavazi. Tuliijaribu. Baada ya Sheria ya Kupinga Ponografia kusainiwa mwaka 2014, wanaume waliwavua wanawake nguo hadharani kwa kisingizio cha sketi fupi. Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake muhimu mwaka 2021. Serikali iliyotuambia tujifunike ndiyo hiyohiyo iliyotaka kutuonyesha kwa watalii miaka mitano baadaye.

Ninachotaka kiko karibu zaidi. Nyimbo hizi tunazichambua darasani, tunahesabu takriri na tashbihi. Tuhesabu pia ni mara ngapi mwanamke anayeimbwa amepewa jina, na ni mara ngapi amepewa nafasi ya kujibu.