Umma Ni Nani?

Wataalamu wengi wamezoea kuandika ya kwamba siasa ya ardhi ya Tanganyika ilizaliwa katika fikira za Ujamaa, na ya kwamba fikira hizo zilichotwa katika desturi za wazee. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyomwelemea mkulima.

Na watazamwe Washambaa wa milima ya Usambara. Mfalme wao wa ukoo wa Kilindi aliitwa mwenye nchi, lakini cheo hicho kilikuwa na hukumu yake: ama aliiponya nchi, kuzifya shi, mvua ikanyesha na watu wakashiba, ama aliiharibu, kubana shi, na hapo watu walimjua wa kumlaumu.

Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe waliyemtambua wao ni mali ya dola. Watawa wa Trapisti walipofungua misheni Gare mwaka 1897, tangazo hilo lilikuwa limekwisha kutanda juu ya miteremko ile. Waingereza nao, kwa sheria ya 1923, waliiita ardhi kuwa ya umma, kisha wakaiweka mikononi mwa Gavana. Tangu hapo, umma ukawa jina jingine la serikali.

Matunda yake yalionekana Mlalo kuanzia mwaka 1946, kisha kwingineko Usambara. Wakulima waliamriwa kuinua matuta mashambani ili udongo usichukuliwe na mvua, na waliokaidi waliadhibiwa. Mzigo mkubwa wa jembe uliwaangukia wanawake. Wengi walihofu ya kwamba ardhi ikishatengenezwa itatwaliwa na Wazungu. TANU, iliyoundwa tarehe 7 Julai 1954, ilipata nguvu milimani kwa chuki ya matuta, wala si kwa vitabu vya uchumi. Na mradi ukaachwa kabla ya Uhuru.

Mwaka 1958, katika makala yake "Mali ya Taifa", Mwalimu Nyerere alipinga shauri la kuifanya ardhi kuwa milki ya mtu binafsi, kwa kuwa maskini angeiuza akawa mpangaji katika nchi yake. Hoja hiyo ilikuwa ya haki. Na mwaka 1963 milki za kudumu ziligeuzwa kuwa za kukodi kwa miaka 99. Lakini taifa changa lilifunga soko bila kukivunja kiti cha Gavana: lilimkalisha Rais. Machifu, ambao wengine walikuwa wamegeuzwa wasimamizi wa matuta, waliondolewa. Pamoja nao ikasahauliwa ile hukumu ya kuzifya na kubana. Kwa hiyo, kuishi vijijini kulipofanywa amri mwaka 1973, mkulima aliisikia sauti aliyokwisha kuijua.

Watetezi watasema ya kwamba milki ya umma iliwaokoa wanyonge wasimezwe na matajiri. Ni kweli. Lakini kumkinga mtu na mnunuzi si kumpa kauli juu ya shamba lake. Sheria za 1999 zimeyapa mabaraza ya vijiji usimamizi, lakini ardhi yote ingali kwa Rais, kama mdhamini. Mdhamini ni mtu mwenye kudaiwa hesabu. Pasipo mkulima wa Gare kuweza kuidai, umma ni neno tu, na mwenye ardhi ni mwingine.