Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka

Msomaji, chukua ramani ya Kenya uitazame kaunti ya Marsabit. Kutoka North Horr hadi mji wa Marsabit ni safari ya zaidi ya kilomita 150, nayo hupita jangwani. Sasa mfikirie mama aliyeshikwa na uchungu huko, na mtoto amekwama tumboni. Mama atokwaye na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa katika muda wa saa mbili. Je, gari litawahi?

Mara nyingi ampokeaye mgonjwa katika pande hizo si daktari, bali ni tabibu. Tabibu husoma miaka mitatu chuoni, kisha hufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi, ndipo apewe kibali. Kibali hicho kina mipaka, na ni haki kiwe nayo. Hakuna atakaye kupasuliwa na mtu asiyefunzwa. Lakini mipaka hiyo yapasa ifuate ujuzi uliothibitishwa, si jina la cheti tu. Tabibu aliyeongezewa mafunzo ya upasuaji wa uzazi, akapimwa na kushinda, na aruhusiwe waziwazi kuufanya katika hospitali za mbali zisizo na daktari wa kudumu.

Jambo hili si geni kwetu. Hapa Kenya wako matabibu waliofunzwa zaidi ambao huondoa mtoto wa jicho, na wengine hutoa dawa ya usingizi wakati wa upasuaji. Ikiwa twawakabidhi jicho, lililo laini sana, kwa nini tusite kuwakabidhi uhai wa mama asiye na wa kumwokoa?

Tazama pia Msumbiji. Nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1975, madaktari wengi Wareno walihama. Mwaka 1984 serikali ilianza kuwafunza upasuaji wahudumu wa afya wasio madaktari, kwa muda wa miaka mitatu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba, miaka saba baada ya kuhitimu, 88 katika kila mia yao walikuwa wangali katika hospitali za wilaya. Miongoni mwa madaktari waliopelekwa huko, hakusalia hata mmoja.

Wako wasemao kwamba hii ni tiba duni kwa maskini. La, hasha! Duni ni kumwambia maskini angoje daktari asiyekuwapo. Wengine husema, na waajiriwe kwanza madaktari wasio na kazi. Nao waajiriwe, wala mimi sipingi. Lakini kuajiri ni jambo moja, na kumfanya mtu akae North Horr miaka kumi ni jambo lingine. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hata hivyo, kibali peke yake hakiponyi mtu. Pawepo chumba cha upasuaji, damu ya akiba, na daktari wa kuulizwa kwa simu saa yoyote. Atakayekosea kwa uzembe anyang'anywe kibali.

Nawe msomaji, karibu utakuwa mpiga kura. Atakapokuja mtu kukuahidi hospitali, usimwulize habari za kuta na mabati. Mwulize ni nani atakayekuwa ndani yake usiku wa manane, na sheria imemruhusu kufanya nini.