Masua ao reli: moshi wa mizigo yetu unaanguka kwa nani?



Wengi wanasema masua ni safi kupita treni. Kwa hesabu ya mafuta ni kweli: masua kubwa ya bahari inabeba tani moja ya shaba mbali sana kwa mafuta kidogo, treni ya mazuti inafuata nyuma, na kamio ni ya mwisho kabisa. Lakini tunapashwa kuuliza pia ni moshi wa namna gani. Masua za bahari zinachoma mazuti mazito yenye kiberiti. Mpaka mwisho wa 2019 sheria iliruhusu kiberiti 3,5 kwa mia. Tangu tarehe 1 Januari 2020 ni 0,5 kwa mia. Sisi tuliokaa karibu na viwanda vya kuyeyusha shaba, hatuhitaji mwalimu wa kutueleza namna gazi ya kiberiti inavyokamata kifua.

Shaba yetu imepita njia zote mbili. Reli ilifika Ilebo mwaka 1928. Pale shaba ilitolewa katika vagoni, ikapakiwa katika masua za Kasai mpaka Kinshasa, kisha reli tena mpaka Matadi. Kila mahali pa kupakua ni mahali pa kuponda vidole na kumwaga mazuti. Mazuti ikianguka kando ya reli, watu wanachimbua udongo ule na kuuondoa. Ikianguka mtoni, inashuka kwa wavuvi na kwa wamama wanaoteka maji.

Kwa mawazo yangu, ndani ya inchi reli ndiyo bora, zaidi reli ya umeme. Mwaka 1952 treni za umeme zilianza kutembea kati ya Likasi na Tenke, kwa nguvu ya maji ya mito yetu, bila moshi hata kidogo. (Baharini, ni wazi, reli haiko.)

Lakini reli isiyotunzwa haipeleki mizigo kwa masua. Inaipeleka kwa kamio! Mwezi wa pili 2019, karibu na Tenke, kamio la asidi lilipata ajali na magari mengine. Watu zaidi ya 15 walikufa, wengine waliunguzwa na asidi.

Basi, katika mkutano wa usalama unaokuja, wajumbe wetu waulize: vagoni za asidi zilikaguliwa siku gani, na nani alitia sahihi?