Silabi si Mofimu, Hata Idadi Zikilingana

Kuna mtindo wa kusahihisha uliozoeleka katika kozi zetu za isimu, nami naupinga. Mwanafunzi hupewa neno aligawe katika silabi, kisha katika mofimu. Idadi zikilingana na za mwongozo, anapata alama zote. Hakuna anayeuliza amekata wapi.

Tuchukue kivumishi cha Kiingereza "infamous". Silabi ni tatu: in-fa-mous. Mofimu nazo ni tatu: in-, fam-, -ous. Mwenye haraka atasema kazi imekwisha. Lakini itazame hiyo m. Katika silabi imehamia kulia. Katika mofimu imebaki kushoto, ndani ya mzizi. Wala hatuhitaji kwenda Uingereza kuliona jambo hili: "anasoma" ina silabi nne, a-na-so-ma, na mofimu nne, a-na-som-a. Ni m ileile, na mtego uleule.

Kwenye mkazo hali ni mbaya zaidi. Tunaambiwa kuwa kiambishi awali hakibebi mkazo. Kwa un- kanuni hiyo inapita vizuri: katika "unhappy" na "unkind" mkazo haukisogelei kiambishi. Lakini "famous" ina mkazo kwenye fa, na ikipachikwa in- mkazo unahamia kwenye kiambishi, huku irabu ya fa ikififia. Ndivyo ilivyo pia kwa "infinite" na "impotent". Un- ni ya Kiingereza chenyewe. In- imetoka Kilatini, na baadhi ya maneno yake yaliingia yakiwa yameshikana nayo tayari. Hata maana haifuati hesabu: "infamous" si mtu asiye maarufu. Ni mtu anayejulikana sana, tena kwa ubaya.

Kiswahili nacho kinaikana kanuni hiyo mchana kweupe. Katika "mtu" mkazo uko juu ya m, yaani kiambishi cha ngeli! Katika "mtoto" umekiacha kiambishi hichohicho. Mkazo wetu hutafuta silabi ya pili kutoka mwisho, iwe ya kiambishi au ya mzizi.

Wapo wahadhiri wanaodai kwamba mwaka wa kwanza unahitaji kanuni nyepesi, mengine yatakuja baadaye. Sikubaliani nao. Wengi wetu hapa Uganda tumekutana na Kiingereza na Kiswahili darasani, si nyumbani. Tukipewa kanuni ya uongo, hatuna sikio la utotoni la kutusahihisha, na miaka mitatu baadaye tunaipeleka sekondari kama ilivyo.

Swali la mtihani lidai mipaka, lidai na alama ya mkazo, kila kimoja kwa maksi zake. Na anayetaka kujua kama darasa limeelewa alipe neno "unknown": silabi mbili, mofimu tatu, ya mwisho ikiwa n peke yake, isiyotosha hata kuwa silabi.