NANI ALIWASHA MOTO?



Kiangazi kikirudi, kuanzia milima ya Fizi mpaka kando ya ziwa huku Baraka, moto unakuwa karibu na kila mtu. Majani ya mlimani yanachomwa, upepo unavuma, na nyumba nyingi bado ziko na paa la majani. Nyumba ikiungua usiku, mbele hata majivu hayajapoa, swali linatembea kartie nzima: nani aliwasha? Na jibu linafika mbio kuliko ndoo ya maji. Eti ni jirani, waligombana juu ya shamba. Eti ni yule mzee anayeishi peke yake. Eti ni kijana aliyefukuzwa masomo.

Sisi wa buletini tunataka kusema juu ya hii "eti".

Kuchoma nyumba ya mtu ni kosa kubwa, na Kanuni ya Azabu ya inchi yetu, ya tangu mwaka 1940, inaliazibu. Hatumtetei mchomaji. Lakini kosa hili si kama mengine, kwa sababu linakula ushuhuda wake lenyewe. Mwizi anaacha alama ya mguu ao kufuli lililovunjwa. Moto unakula kufuli, kiberiti na chupa ya esanse pamoja. Kisha sisi wenyewe tunamalizia kazi: tunamwaga maji, tunavuta mabati, watoto wanaokota misumari, na asubuhi mama mwenye nyumba anafagia. Opeje akifika, anakuta kiwanja kitupu. Ataandika nini mu dosie yake? Ataandika "eti".

Ili parke ipeleke mtu mbele ya waamuzi, inatakiwa ionyeshe mambo matatu. Kwanza, moto haukutoka katika makala, mshumaa, taa ya petroli, ao nyaya za sola zilizofungwa vibaya. Pili, mtu huyu ndiye aliyeuwasha, si mwingine. Tatu, alifanya kwa kusudi. Ugomvi wa shamba hauonyeshi hata moja katika hayo matatu. Unaonyesha tu pahali pa kuanza kuuliza.

Tusifikiri kwamba wenye vyombo vikubwa hawakosei. Katika mji wa Corsicana, Texas, huko Marekani, nyumba ya Cameron Todd Willingham iliungua Desemba 1991, na watoto wake watatu wakafa. Wapelelezi waliona alama kwenye sakafu, wakasema ni alama za mafuta yaliyomwagwa na baba mwenyewe. Akahukumiwa, na mwaka 2004 akauawa na serkali. Mwaka 2009 mtaalamu aliyeitwa na tume ya jimbo lile akaandika kwamba maneno ya wapelelezi hayakuwa na msingi wa sayansi. Juu ya nini? Joto likijaa ndani ya chumba kilichofungwa, vitu vyote vinawaka mara moja, na sakafu inaweza kubaki na alama zile zile hata kama hakuna aliyemwaga tone la mafuta. Basi kama wale walikosa, sisi tunaotazama kwa macho tu tutasema nini?

Tuje kwa majirani zetu wa Kenya, kwa wanafunzi kama sisi. Machi 2001, nyumba ya kulala ya shule la Kyanguli, Machakos, iliungua, wavulana 67 wakafa. Wanafunzi wawili walishitakiwa. Septemba 2024, katika shule la Hillside Endarasha, Nyeri, walikufa watoto 21, na miili iliungua hata ikabidi kuwatambua kwa kupima DNA. Fikirini: kujua jina la aliyekufa tu ilitaka laboratwari. Na sisi tunataka kujua jina la aliyewasha kwa kusikia tu sokoni!

Na jambo lingine. Kule Kyanguli mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Jambo hilo halikuhitaji laboratwari. Kila mtu aliliona. Watu wanachoka kutafuta mkono uliowasha, na wanasahau mkono uliofunga mlango.

Kuna watakaotuuliza: basi mchomaji aende bure? Hapana! Ni "eti" ndiyo inayomwacha aende bure. Wakati umati unamfukuza jirani, yeye iko katikati yao, anapiga kelele kuwapita wote. Na ubaya unaongezeka, maana nyumba ya yule aliyetajwa inachomwa nayo. Moto wa kwanza haukuwa na shahidi hata mmoja. Wa pili unao mia moja, na hakuna anayefungua kinywa.

Sisi tunaosoma Biblia tunajua kwamba sheria ya Musa ilikataa kumhukumu mtu kwa shahidi mmoja. Leo Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 17, inasema mshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Nyumba ikiungua, tuzime kwanza, tuokoe watu. Kisha pahali moto ulipoanzia paachwe bila kufagiwa mpaka opeje afike. Aliyeuona wa kwanza aandikiwe maneno yake siku ile ile: ulianzia wapi, saa ngapi, upepo ulitoka upande gani, jikoni kulibaki nini. Mwanafunzi aliyeona aende kusema kwa mwalimu. Aliyesikia tu anyamaze. Na wakubwa wa shule tunawaomba kwa heshima: mlango wa internati usifungwe usiku kwa inje, ndoo za mchanga ziwekwe karibu, na siku kitu kikiungua wasiazibu darasa zima kwa kosa ambalo mwenyewe hajajulikana.

Kiangazi hakiko mbali. Tuanze na mlango wa internati, maana huo hauna haja ya shahidi.