Msamaria Aliahidi Kurudi



Asubuhi na mapema ya tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya Kwanza ya Majilio, waamini wengi walipokuwa wakijiandaa kwenda kanisani, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imeshiba maji ya mvua ilimeguka. Tope, mawe na magogo yaliteremka kwa kasi juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vikiwemo Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na wengine wengi walijeruhiwa. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba huo haukuwa mlipuko wa volkano. Miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia.

Kwetu sisi wa Rhotia, Katesh si ugenini. Serikali imetuweka sisi katika Mkoa wa Arusha na wao katika Mkoa wa Manyara, lakini Kanisa limetuweka katika Jimbo moja la Mbulu. Tunasali kwa ajili ya Askofu mmoja, na wengi wetu tunao wajomba, mashangazi na wakwe upande ule wa mlima. Kwa hiyo tunaposema juu ya Hanang, tunasema juu ya nyumba yetu wenyewe.

Hakuna awezaye kusema kwamba Watanzania hawakuguswa. Rais alikatisha safari yake ya Dubai, alikokuwa amehudhuria mkutano wa dunia kuhusu tabianchi, akaja Katesh. Askari walifukua tope. Walioachwa bila makao walihifadhiwa kwa muda katika shule. Michango ya chakula, nguo na blanketi ilitoka pande zote za nchi, kwa Wakristo na kwa Waislamu, kwa matajiri na kwa wajane. Baadaye serikali, pamoja na wadau kama Chama cha Msalaba Mwekundu, ilijenga nyumba zaidi ya 100 katika eneo la Waret. Mambo hayo yote ni mema, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Hata hivyo tunapenda kuuliza swali ambalo huenda halipendezi sana masikioni. Je, sisi tuliotoa debe la mahindi na blanketi siku zile za Desemba, tumerudi Katesh mara ngapi tangu hapo? Ni jumuiya ngapi kati yetu zinazoweza kumtaja kwa jina mtu mmoja aliyefiwa, na kueleza anaishije leo?

Sote tunaufahamu mfano wa Msamaria mwema katika sura ya kumi ya Injili ya Luka. Katika mahubiri yetu mara nyingi tunaishia pale alipofunga majeraha, akayamiminia mafuta na divai. Lakini mfano hauishii hapo. Msamaria alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamfikisha katika nyumba ya wageni, akakesha naye, na kesho yake akatoa dinari mbili. Kisha akaongeza neno ambalo tunalisahau: alimwahidi mwenye nyumba kwamba atarudi, na kwamba gharama itakayozidi atailipa yeye. Upendo wake ulikuwa na tarehe ya pili. Alijua kwamba mtu aliyepigwa akaachwa nusu mfu haponi kwa siku moja.

Hilo ndilo tunalotaka kusisitiza katika makala hii. Kazi kubwa ya mfanyakazi wa kujitolea wa Kanisa huanza pale malori yanapoondoka. Siku za kwanza za maafa zina wasaidizi wengi: serikali ipo, magazeti yapo, mashirika yapo. Mwezi wa sita hauna watu. Ndipo mjane anapogundua kwamba shamba lake limefunikwa na mawe asiyoweza kuyainua peke yake. Ndipo kijana aliyepoteza wazazi anapohitaji sare na madaftari. Ndipo usiku wa mvua unapomtisha mtoto mpaka hataki kulala. Mambo haya hayaonekani katika picha, wala hayaponi kwa blanketi. Yanahitaji mtu anayerudi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayejitolea ni mgeni wa namna hiyo. Siku ya tatu anatakiwa ashike jembe, tena kwa maelekezo ya mwenye shamba. Wazee wetu hapa Rhotia wanaifahamu sana desturi hii. Nyumba ya jirani ilipobomoka, watu waliitana. Huyu alileta miti, yule nyasi, mwingine udongo, na mwenye nyumba ndiye aliyeonyesha mlango uelekee wapi. Hakuna aliyekuja na ramani ya nyumba yake mwenyewe mfukoni.

Katika Agano la Kale, Nehemia alifanya vivyo hivyo. Alipofika Yerusalemu hakuanza kwa kutoa amri. Alizunguka usiku kimya kimya, akatazama kuta zilizobomoka, ndipo akazungumza na watu. Na ujenzi ulipoanza, jamaa nyingi zilijenga sehemu ya ukuta iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Waliokuwa wamepatwa na aibu ya mji uliobomolewa ndio waliosimamisha kuta zake. Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii, tangu waraka wa Papa Pio XI wa mwaka 1931, yametushikisha kanuni hiyo: jambo ambalo watu walio karibu wanaweza kulifanya, wakubwa wasiwanyang'anye, bali wawasaidie kulitimiza. Anayejitolea na kuwaamulia waathirika kila kitu anawaongezea hasara. Mlima umewanyang'anya nyumba, naye anawanyang'anya uamuzi.

Lakini kuna jambo zito zaidi, na ndilo linaloifanya habari hii kuwa ya Tume ya Haki na Amani, wala si ya wahudumu wa Caritas peke yao. Kujenga upya si lazima kuwe ni kutenda haki. Historia ya pwani yetu inatufundisha. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Zanzibar na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, wakati Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mashamba ya karafuu yalipandwa tena, na ya Pemba yakapanuliwa. Ukihesabu magunia, utasema nchi ilijengwa upya. Lakini walioinama kuchimba mashimo ya miche hiyo walikuwa watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, ila utumwa wenyewe mashambani uliendelea kwa miaka mingi. Miti ilirudi, bali aliyeipanda hakuwa na haki nayo.

Basi katika kila maafa tuulize: nani anajengewa, na nani anasahauliwa? Orodha ya waathirika kwa kawaida huwa na jina la mwenye nyumba. Je, mpangaji aliyepoteza godoro, cherehani na mtaji wake wote ameandikwa wapi? Je, mama aliyekuwa akiuza mboga chini sokoni, bila leseni wala risiti? Je, mjane ambaye ndugu wa marehemu wameanza kugombea kiwanja chake kabla arobaini haijafika? Je, mzee asiyejua kusoma, ambaye karatasi zake zote zimezikwa na tope? Hatusemi kwamba fulani ametenda dhuluma. Tunasema kwamba mnyonge husahaulika kwa urahisi hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kumsahau, na kwamba ni wajibu wa Mkristo kusimama kando yake mpaka asikilizwe.

Hapa parokia zetu zinayo hazina tusiyoitumia. Vitabu vyetu vya ubatizo na ndoa vinahifadhi majina ya watu, ya wazazi wao, na tarehe. Mtu aliyepoteza vyeti vyote anaweza kuanzia hapo kujithibitisha mbele ya ofisi. Katekista au karani wa parokia atakayetumia siku mbili kupekua vitabu hivyo kwa ajili ya watu walioathirika atakuwa ametoa sadaka kubwa kuliko gunia la nguo kuukuu.

Tunapendekeza, basi, mambo manne kwa Halmashauri ya Walei na kwa viongozi wa vyama vyetu vya kitume.

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwe na daftari la watu walio tayari: nani fundi mwashi, nani muuguzi, nani mwalimu, nani ana ng'ombe wa kukokota au pikipiki, nani ana subira ya kukaa na mfiwa bila kusema mengi. Vijana wa VIWAWA wana mikono, akina mama wa WAWATA wanajua kuingia katika nyumba ya msiba, wanaume wa UWAKA wanajua kazi ya ujenzi. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya hizi kuwa kipaumbele mwaka 1976. Hazikuwekwa kwa ajili ya rozari na michango tu.

Pili, asiondoke mtu kwenda kusaidia bila tarehe ya kurudi. Ni afadhali watu wawili wanaokwenda mara nne kwa mwaka kuliko basi lililojaa watu wanaokwenda mara moja.

Tatu, tusibague wala tusijionyeshe. Mwenye njaa asiulizwe anasali wapi. Aliyefiwa asipigwe picha. Tuonane na wachungaji wa KKKT, na masheikhe, na wazee wa Kidatoga na Kiiraqw, ili tusipeleke msaada uleule mlango uleule na kuacha mlango wa pili.

Nne, tutazame miguu yetu wenyewe. Rhotia imekaa katika miteremko iliyo chini ya msitu wa Ngorongoro. Kila mvua kubwa tunaona udongo wetu mwekundu ukishuka makorongoni kuelekea Ziwa Manyara. Babu zetu waliotoka Kainam walijulikana kwa matuta na utunzaji wa ardhi. Sisi wajukuu tunalima mpaka ukingo wa korongo na kukata mti bila kupanda mwingine. Kujitolea kwa ajili ya jirani kunaanza kabla ya mvua. Jumuiya inayopanda miti na kuchimba makingamaji leo inaokoa watu ambao hawatajua kamwe kwamba waliokolewa.

Huenda msomaji akasema: sisi ni maskini, bei za mazao ni mbaya, tutarudije Katesh mara kwa mara? Tunakubali kwamba nauli ni fedha. Lakini Msamaria naye alikuwa safarini, mwenye shughuli zake. Dinari mbili alizotoa zilikuwa ujira wa siku mbili tu za kibarua. Alichotoa zaidi ni ahadi.

Injili haituambii kama Msamaria alirudi kweli. Mfano unafungwa kwa agizo la Bwana kwamba nasi tukafanye vivyo hivyo. Mwenye nyumba ya wageni bado yuko mlangoni, anatazama barabara. Majeruhi yuko ndani, na dinari mbili zimekwisha zamani.